Kiolezo Kilichocheza

Watu wa bendi walimwita Mzee Hakika, na jina hilo lilitokana na swali lake. Ukimwambia gari limeshafika, atakuuliza, "Una uhakika?" Ukimwambia ukumbini kuna umeme, atakuuliza, "Una uhakika?" kisha ataingia mwenyewe kubonyeza swichi. Mkewe akimwambia chai ina sukari, alikoroga tena, akaonja kidogo, akatazama dari kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi, ndipo akanywa.

Alikuwa mpiga tarumbeta. Alifundisha muziki shuleni mpaka alipostaafu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akipiga sauti ya kwanza katika bendi iliyoitwa kwenye harusi, mahafali na sherehe za kuagana na wakubwa wa kazi. Hata huko shaka haikumwacha. Alikagua vali za tarumbeta kabla ya kila wimbo, na alipowakuta wenzake wakinong'ona alijua wanamsema yeye.

Siku ya mahafali ya chuo kimoja alikuwa nyuma ya pazia la jukwaa akipasha midomo moto kwa noti za chini. Ubavuni mwake palikuwa na mlango wa kando. Mtu wa viti akausukuma kwa mgongo, amebeba viti vilivyorundikana mpaka kidevuni, na ubao wa mlango ukaigonga tarumbeta. Meno mawili ya mbele ya juu hayakustahimili. Moja lilikatika palepale, la pili likabaki linaning'inia mpaka daktari wa zamu alipolitoa jioni ile.

Mtu wa viti aliomba radhi mpaka akalengwalengwa na machozi. Mzee Hakika, kitambaa mdomoni, alimuuliza jambo moja tu: nani alikutuma upite mlango huu?

Akatengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Kula alikula, kucheka alicheka kwa kujibana, lakini tarumbeta haipigwi kwa mapafu peke yake. Kipulizio hukaa juu ya mdomo, mdomo hukaa juu ya meno, na meno yakiteleza sauti nayo huteleza. Mazoezini, katikati ya wimbo wa taratibu, meno yale yakachomoka yakamkalia juu ya ulimi, na tarumbeta ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mpiga ngoma akaangua kicheko. Kisha akajizuia, na wote wakajizuia, na kule kujizuia ndiko kulikomuuma zaidi.

"Pumzika kidogo, mzee," kiongozi wa bendi alimwambia. "Yupo mama mmoja aliyekuwa bendi ya polisi, atatushikia nafasi kwa muda."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda tu."

Mzee Hakika alirudi nyumbani akiwa na uhakika, kwa mara moja maishani, kwamba ameshaachishwa.

Binti yake wa pekee ndiye aliyeleta habari za meno ya kupandikiza. Alikuja na mumewe Jumapili moja, na baada ya chakula akasogeza kiti karibu na baba yake.

"Baba, wanaingiza skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya. Mfupa unaishika yenyewe, halafu juu yake wanafunga jino. Halivuliwi wala halitelezi. Kule kliniki anakofanya kazi mume wangu wanapanga kila kitu kwa kompyuta."

"Na hiyo kompyuta anaishika nani?"

Binti akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sahani.

"Haya," alisema Mzee Hakika, na hiyo "haya" yake ilikuwa baridi kama sakafu ya saruji.

Alikuwa hajampenda mkwe wake tangu siku ya posa. Kijana hakuwa na kosa lolote la kutaja. Alikuwa mkimya, akisalimia kwa adabu, akicheka baada ya wengine kumaliza, na mtu anayechelewa kucheka, kwa hesabu za Mzee Hakika, alikuwa na jambo kichwani. Kisha ikaja habari ya redio. Redio ya sebuleni iliharibika, mkwe akaifungua, akaifunga, ikaimba kuliko zamani. Lakini juu ya meza ilibaki skrubu moja. "Hii ilikuwa ya nini?" mzee aliuliza. "Sijui, baba, lakini inafanya kazi," kijana alijibu. Jibu hilo lilimkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki.

Hata hivyo alikwenda kliniki, kwa sababu ya tarumbeta. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa uzi shingoni. Walimpiga picha ya mfupa kwa mashine iliyomzunguka kichwa, kisha kijifimbo chenye taa kikapitishwa juu ya meno yake yaliyobaki, na meno yakajichora kwenye skrini, moja baada ya jingine, pamoja na gego lake la kushoto lenye kizibo cha zamani kilichoanza kumomonyoka. Mkwe aliunganisha picha ya mfupa na ya meno, akasimamisha skrubu mbili za rangi ya kijani ndani ya taya la baba mkwe wake, akazigeuza huku na huku kama mtu anayepanga maua kwenye chupa.

"Tukishakubaliana na mpango," alisema daktari, "kijana wetu atachapisha gaidi, na siku ya upasuaji tutaiweka mdomoni."

Mzee Hakika akainuka kwenye kiti. "Mtaniweka gaidi mdomoni?"

Daktari akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. "Samahani, mzee. Ni neno la kizungu tumelikatakata humu ndani. Ni kiolezo. Kipande cha plastiki kinachokaa juu ya meno kama kofia. Kina matundu mawili yenye pete za chuma. Keekee ikipita tunduni haiwezi kwenda kwingine ila pale tulipopanga."

"Na kiolezo chenyewe kikikaa kombo?"

"Skrubu nayo itakaa kombo. Ndiyo maana kina vidirisha pembeni, tuone kama kimeshika meno sawasawa kabla ya kuchimba."

"Kwa hiyo kompyuta haikosei."

"Inakosea," alisema daktari, bila kupepesa macho. "Kidogo. Milimita moja hivi, mara nyingine zaidi, na pembe inaweza kupinda digrii tatu nne. Tunapanga tukijua hilo. Tunaacha nafasi kati ya skrubu na mzizi wa jirani, na tunaacha ukuta wa mfupa kwa mbele."

Mzee Hakika aliondoka na ile milimita. Alikwenda nayo kituoni, akapanda nayo basi, akaketi nayo mezani. Daktari gani anakwambia mapema kwamba atakosea? Ama ni mtu mkweli kupita kiasi, ama anajitengenezea pa kukimbilia. Na hata neno lenyewe, pandikizi, lilimtia wasiwasi. Si ndilo neno la watu wa siasa, la mtu aliyepenyezwa katikati yenu ale nanyi, acheke nanyi, kumbe katumwa? Akamkumbuka kijana akitazama sahani yake, akasonya.

Siku chache baadaye alimwambia mkewe anakwenda kutafuta mafuta ya vali za tarumbeta. Akavuka mji, akaingia kwa daktari mwingine wa meno, juu ya duka la kutengeneza simu. Alitaka kusikia mtu mwingine anasemaje. Huyu alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyemshika bega kana kwamba wamesoma darasa moja.

"Kompyuta?" alisema. "Mimi nina macho, mzee wangu. Nina mikono. Nimechimba mataya kabla hao hawajajua kuwasha kompyuta."

"Na hukosei?"

"Mia kwa mia."

"Una uhakika?"

"Mia kwa mia, nakwambia."

Mzee Hakika alikuwa amesubiri jibu la namna hiyo maisha yake yote, na alipolipata halikumwingia. Mtu asiyekosea hata kidogo! Yule wa kwanza alimtisha kwa kukiri, huyu alimtisha kwa kutokiri. Angeondoka palepale, lakini yule daktari alikuwa ameshamfungua mdomo na kumulika.

"Gego hili la kushoto kizibo chake kimekwisha, mzee. Usipoliwahi litakutesa. Nikuzibie?"

Akakubali, maana aliona haya kuondoka bila kufanyiwa chochote. Gego likasafishwa, likazibwa upya, likasuguliwa. Kizibo kipya kilikuwa kinene na imara, kimejaa vizuri pale palipokuwa na shimo. Alirudi nyumbani shavu limekufa ganzi, maneno yanamtoka upande.

Mkewe alimwangalia kutoka mlangoni. "Mafuta ya vali yamekufanya nini shavu?"

"Upepo wa dirishani, kwenye basi."

"Upepo," mkewe alirudia, akaendelea kukunja nguo.

Siku ya upasuaji ilifika. Chumba kilikuwa cheupe, chenye harufu ya dawa na taa kubwa iliyoning'inia kama ua la chuma. Walimchoma sindano za ganzi, wakamfunika kitambaa cha kijani usoni na kuacha mdomo tu. Daktari akachukua kiolezo, akakisuuza, akakiweka juu ya meno.

Mzee Hakika akatega masikio.

Daktari alibonyeza mbele. Nyuma kukainuka. Akabonyeza nyuma, kushoto, na mbele kukainuka. Akakitoa, akakikagua, akakirudisha. Akainama kutazama kwenye kile kidirisha.

"Kinacheza," alisema. Kisha akamwambia muuguzi, "Mwite aliyekitengeneza."

Mkwe aliingia barakoa usoni. Macho yake yalikuwa wazi, na mzee, ambaye kitambaa kilikuwa kimesogezwa kidogo, aliyaona yakizunguka.

"Ulikijaribu kwenye sanamu ya meno yake?" daktari aliuliza.

"Nilikijaribu, daktari. Kilikaa vizuri kabisa."

"Njoo ubonyeze mwenyewe."

Kijana akabonyeza. Kiolezo kikatikisika, na jasho likamtoka juu ya nyusi.

"Ningechimba hivi hivi," daktari alisema polepole, "skrubu ya kwanza ingetoboa ukuta wa mbele. Leo hatuchimbi. Mpitishieni ile taa tena tupate picha mpya ya meno, kisha aende nyumbani. Na wewe, violezo vyote vilivyotoka kwenye printa ile wiki hii, visiguswe. Wagonjwa wote wapigiwe simu wasubiri, mpaka tujue tatizo liko wapi. Kompyuta usiishike kwa sasa."

Mzee Hakika, mdomo wazi, mate yakimtiririka, hakuweza kusema neno. Lakini kifuani mwake kulikuwa na sherehe. Si nilisema? Si nilisema mtu huyu ana walakini? Alitamani mkewe awepo, na binti yake awepo, na ile skrubu ya redio iwepo itoe ushahidi.

Nyumbani alisimulia habari yote kwa raha, maneno yakimtoka nusunusu kwa sababu ya ganzi. Mkewe alimsikiliza akichambua mchele.

"Kwa hiyo wamekuokoa," alisema.

"Mungu kaniokoa. Angekuwa yule kijana peke yake, sasa hivi ningekuwa na skrubu puani."

Ganzi ilianza kuisha alasiri. Kwanza mdomo ukawasha, kisha shavu, kisha ulimi ukarudi kuwa wake. Na ulimi, kama ulimi wa mtu yeyote aliyetoka kwa daktari wa meno, ukaanza kuzurura mdomoni kukagua. Ukapita kwenye pengo, ukapita kushoto, ukafika kwenye gego. Ukatulia hapo.

Gego lilikuwa nene, na laini pale palipokuwa na shimo.

Mzee Hakika akaacha kusimulia. Alikumbuka meno yake yakijichora kwenye skrini, na gego lile likiwa na kizibo chake kilichomomonyoka. Kiolezo kilitengenezwa kwa gego lile la zamani. Leo kilikuta jipya, kikapanda juu yake. Daktari alipobonyeza mbele, nyuma kukainuka.

"Umenyamaza," mkewe alisema.

"Ganzi inaisha. Inauma."

Mkewe alimwangalia kama anavyoangalia nyanya sokoni, anapoigeuza kisha akairudisha mahali pake bila kuinunua.

Kabla ya magharibi binti alikuja peke yake. Hakuketi. Alisimama kizingitini, mkoba bado begani.

"Umefurahi, baba?"

"Nifurahi nini, mwanangu?"

"Hajala tangu arudi. Anasema daktari hajawahi kumwangalia hivyo. Watu wameambiwa wasije, wote, kwa sababu yake. Yeye mwenyewe anasema huenda printa imekosea, huenda yeye ndiye kakosea, amekaa tu anajilaumu. Na wewe nakujua, umeshamsimulia jirani."

Alikuwa hajamsimulia jirani. Alikusudia tu. Lakini hakulisema hilo, na hakulisema lile jingine. Kulikuwa na sentensi fupi iliyotakiwa kutoka, "Nilikwenda kuziba jino kwingine," na alipoitafuta mdomoni ikakwama palepale kwenye gego. Angesema nini? Kwamba alikwenda kwa siri kwa sababu hakumwamini mume wa binti yake? Binti akangoja kidogo, akaona hapati kitu, akageuka akaondoka.

Mkewe akaweka ungo chini. "Yale mafuta ya vali," alisema, "hujayaleta mpaka leo."

Asubuhi Mzee Hakika alivaa shati lake la kupigia bendi, bila kujua kwa nini, akaenda kliniki. Hakumuulizia daktari. Alipita ukumbini mpaka mwishoni, kwenye chumba kidogo alichokuwa akikaa mkwe wake. Kilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya spiriti na plastiki mbichi. Printa ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa. Juu ya rafu zilipangwa sanamu za meno ya watu, na kati yake mzee aliyatambua ya kwake kwa lile pengo.

Kijana aliruka kusimama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa, na mzee naye hakukaa, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Wameiona sababu?" mzee aliuliza.

Kijana alichelewa kujibu, kama alivyochelewa kucheka. Mzee akamkazia macho. Shaka ileile ya siku zote ilimpanda, lakini safari hii ilikuwa na sura nyingine.

"Wewe umeiona," alisema mzee.

"Nimeiona, baba."

"Lini?"

"Jana, ulipoondoka. Kabla ya kuizima kompyuta nililaza picha ya zamani ya meno juu ya picha mpya. Kote zinalingana. Kwenye gego la kushoto hazilingani."

"Basi ulijua. Jana umeona, leo umekaa hapa na printa imefunikwa, watu wamefukuzwa, binti yangu analia, naye umemwambia huenda printa imekosea, na wewe kimya. Kwa nini? Unanifichia siri ili uniwekee deni?"

"Hapana, baba."

"Ama unataka niumbuke mbele ya daktari mwenyewe?"

"Hapana."

"Basi unanilinda? Nani kakuomba unilinde?"

"Sikulindi," kijana alisema, na sauti yake ikakwaruza. "Nakuogopa."

Mzee Hakika alifungua mdomo kuuliza kama ana uhakika, akaufunga. Alikuwa amemfikiria kijana huyu kwa njia nyingi: mjanja, mzembe, mtu wa kificho. Hakuwahi kufikiri kwamba ule ukimya wote mezani, yale macho kwenye sahani, ulikuwa woga tu wa mtu anayekula chakula kwa baba mkwe asiyempenda.

Aliketi kwenye kile kiti kimoja. Kisha akasema, "Nilikwenda kwa daktari mwingine. Nilitaka kujua kama mnanidanganya. Akanizibia."

"Alikuzibia vizuri," alisema kijana. "Kizibo ni kizuri."

"Mwanamume yule ni mwongo, lakini kuziba anajua."

Kijana akacheka, na safari hii hakuchelewa.

Wakaenda pamoja kwa daktari. Mzee Hakika alisimama mbele ya meza yake akaeleza yote, mafuta ya vali, duka la simu, gego. Alitarajia kwamba daktari atamhurumia kwa ajili ya umri. Daktari hakumhurumia.

"Kwenda kwa mwingine ni haki yako, mzee. Ungeniambia tu, ningelipitishia ile taa gego lako tena, tusingepoteza siku. Lakini wewe," akamgeukia kijana, "uliona jana ukanyamaza? Watu wengine wamelala hawajui hatima ya meno yao kwa sababu wewe unamwonea haya baba mkwe?"

"Samahani, daktari."

"Na mimi nimekosea pia. Nilikupokonya kompyuta kabla sijamuuliza mgonjwa swali lolote." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Washa printa. Wapigieni wagonjwa waje."

Tangu siku hiyo, mtu akikaa kwenye kiti kile kabla ya kuwekewa kiolezo, muuguzi alimuuliza kama ameguswa jino lolote tangu apigwe picha. Wengine walichekeshwa na swali hilo, na wengine wakakohoa kwanza.

Kiolezo kipya kilipowekwa mdomoni mwa Mzee Hakika hakikutikisika. Daktari alibonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akatazama kwenye vidirisha, akamwita na mkwe atazame. Kisha keekee ikaanza. Mzee alisikia mtetemo ukimwingia kwenye mfupa wa pua na kwenye macho, maji baridi yakimwagika, na sauti ya daktari ikihesabu vyuma vya keekee kutoka kidogo hadi kikubwa. Alikuwa ameshika pindo la kitambaa. Wakati fulani aligundua kwamba hashiki kitambaa, ameshika mkono wa kijana. Hakuuachia, maana kuuachia kungeonekana.

Baada ya upasuaji walimpiga picha nyingine ya mfupa, na aliporudi kutolewa nyuzi akaomba kuiona. Mkwe alilaza mpango juu ya picha ya kweli. Skrubu za kijani zilikuwa za mpango, na zile nyeupe ndizo zilizoingia.

Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia skrini. "Hazikulingana."

"Hazikulingana kabisa kabisa," kijana alisema. "Pale juu, karibu na ufizi, ni nusu milimita hivi. Huku kwenye ncha ni karibu milimita moja. Na hii ya kulia imelala kidogo kwa nje."

"Kwa hiyo mmekosea."

"Tumekosea kiasi hicho, baba."

Mzee akamgeukia daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na yule wa mia kwa mia? Angekosea kiasi gani?"

"Sijui. Wapo wanaochimba kwa mkono tu na wakapata vizuri. Lakini kwa kawaida mkono mtupu hupotea zaidi, na hauachi mpango wa kuulinganisha nao. Hapo hutajua alikosea kiasi gani, hata yeye mwenyewe hatajua."

Mzee Hakika aliitazama ile picha. Kati ya skrubu nyeupe na mzizi wa jirani palibaki njia nyembamba ya mfupa, kijivu, haijaguswa. Ukuta wa mbele ulikuwa mzima. Aliuliza maswali mengine mengi siku ile: kama picha yenyewe inaweza kudanganya, kama mgonjwa akitikisika kidogo wakati wa kupigwa picha mfupa unachoreka vibaya, kama pete za chuma zina uwazi unaoiacha keekee itembee. Jibu la yote lilikuwa ndiyo, kidogo. Kila "kidogo" ilimchoma, lakini alitoka pale akitembea wima.

Mfupa ulichukua miezi kuzishika zile skrubu. Aliambiwa asipulize tarumbeta, akatii, ingawa mkewe alimfumania mara kadhaa akikibusu kipulizio bila kutoa pumzi. Meno yalipofungwa hatimaye alikwenda chumbani, akafunga mlango, akapiga noti ya kati. Ikatoka. Akapiga ya juu yake. Ikatoka, lakini haikuwa ile aliyoizoea.

Meno ya zamani yalikuwa yakimwambia jambo. Kipulizio kilipoyabana sana aliyasikia, kilipolegea aliyasikia. Haya mapya yalikuwa kimya. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba na kusikia mlango tu, bila kumsikia aliye ndani. Ikabidi ajifunze upya, kwa mdomo badala ya meno, kama mwanafunzi wake wa kidato cha kwanza. Mkewe aliziba masikio kwa pamba na hakulalamika.

Aliporudi kwenye bendi alimkuta yule mama wa polisi. Alikuwa amejiandaa kumchukia. Alimsikiliza akipiga wimbo mzima, akatafuta kasoro, akaipata moja ndogo, na hakuisema. Kiongozi wa bendi akaanza kujikunakuna.

"Mzee, nafasi yako ya sauti ya kwanza..."

"Mwache ashike yeye," alisema Mzee Hakika. "Mimi nitachukua ya pili. Ile ya juu kabisa sijaipata bado."

Walipiga mara ya kwanza wakiwa pamoja kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja, ukumbi umejaa, mafeni yakizunguka. Mkewe alikaa mbele na binti yao. Mkwe alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuwahi kumsikia baba mkwe wake akipiga. Katika wimbo wa mwisho kulikuwa na mahali ambapo sauti ya pili inapanda peke yake. Mzee Hakika akapanda. Noti ilikwama pumzi moja, ikakwaruza, kisha ikafunguka, na watu wakapiga makofi kabla haijaisha.

Baadaye walisongamana kumpongeza. Kiongozi wa bendi alisema imekuwa safi kama zamani. Mwalimu mkuu alisema hajawahi kusikia tarumbeta kama ile. Jirani alisema huwezi kujua kwamba meno si yake. Mzee Hakika aliwashukuru mmoja mmoja, akiwatazama machoni, hamwamini hata mmoja.

Mkwe alikuja wa mwisho, mikono nyuma.

"Hongera, baba."

"Ulisikiaje?"

Kijana akachelewa kidogo. "Ile ya juu ulichelewa kuingia. Kidogo. Halafu ikakwaruza mwanzoni. Lakini ilipokaa, ilikaa."

Binti akamkanyaga mguu. Mama mkwe akageuza uso. Mzee Hakika alimwangalia kijana yule kwa muda, akaipangusa tarumbeta kwa kitambaa chake, akailaza kwenye kasha lenye bitana nyekundu.

"Mazoezi ni kila Alhamisi jioni," alimwambia. "Njoo ukae pale nyuma, unieleze kila ninapopotea. Hawa wengine wote wananidanganya."

Kijana alikwenda Alhamisi iliyofuata, na nyingine, mpaka mpiga ngoma akamzoea na kumwekea kiti chake.